Saa Nne Kamili

Kazi yangu ni kuzima taa.
Sizimi kwa mkono; nazima kwa karatasi yenye muhuri
na koti la kijivu lenye nembo ya manispaa mgongoni.
Ifikapo saa nne kamili za usiku, sheria inasema,
mtoto yeyote asikutwe darasani.
Basi mimi, Pyo Gilsu, mkaguzi daraja la sita,
napanda ngazi za jengo la orofa tisa kusini mwa Seoul:
hisabati orofa ya pili, Kiingereza ya tatu,
insha ya nne, na ya tano, sikuamini mpaka nilipoona,
masomo ya kujiandaa na mtihani
wa kuingia kituo cha kujiandaa na mtihani.

Hodi.
"Tunafunga, bwana mkaguzi, tunafunga."
Mwalimu anafuta ubao kama mtu afutaye ushahidi.
Watoto ishirini na wawili wanafunga mikoba
bila kelele. Hilo ndilo linalonitia hofu.
Ishirini na wawili, mlango mmoja mwembamba,
na hata mmoja hakumsukuma mwenzake.

Nje, magari ya njano yamepanga foleni.
Kwenye duka lisilolala, mvulana anakula wali
uliofungwa kwa mwani, anakula wima,
kitabu kimeegemea kikombe cha tambi.
Namuuliza, una miaka mingapi?
Anaitazama saa kwanza, kisha mimi.
"Tisa," anasema,
"lakini hesabu zangu ni za miaka kumi na mitatu."

Naandika. Jengo la kumi na nne: limetii.
La kumi na sita: limetii.
La kumi na tisa: mapazia meusi, mwanga unachungulia pembeni.
Mwenye kituo habishi. Kwenye daftari lake la matumizi,
kati ya kodi ya pango na wino wa mashine,
naona mstari umepigwa kwa rula:
faini ya mwezi.

Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo.
Ila hakuna aliyewahi kusema akunjwe mara ngapi,
wala nani mwenye ruhusa
ya kumwachia.

Nafika kwangu saa sita kasoro robo.
Mke wangu ameweka kidole mdomoni.
Chini ya mlango wa Dasom pana uzi wa mwanga,
na ndani, kutoka kwenye kompyuta, sauti ninayoijua:
mwalimu wa orofa ya pili,
niliyemwambia zima, akazima.
Amefika nyumbani kwangu kabla yangu.
Na mimi ndiye ninayemlipa.

Mwaka jana shule ilituletea fomu.
Je, mtoto wako ana furaha? Jaza moja hadi tano.
Mke wangu akajaza nne.
Nikauliza, kwa nini si tano?
Dasom akainua kichwa kutoka kwenye supu:
"Wastani wa darasa ni ngapi?"

Sheria haisemi lolote kuhusu vyumba vya kulala.
Nilisimama ukumbini na soksi zangu, bila muhuri,
kisha nikaenda penye sanduku la umeme
nikashusha swichi kubwa.

Friji ikanyamaza. Sikujua kumbe huwa inaimba.
Mlango ukafunguka.
"Baba, umeme umekatika?"
"Umekatika."
"Mtaa mzima?"
Nilijua anachouliza. Anauliza kama wenzake
wanaendelea kumpita gizani.
"Mtaa mzima," nikasema.

Dirishani, jengo la mbele lilikuwa linawaka,
madirisha arobaini, labda zaidi.
Aliyatazama. Alinitazama.
"Basi," akasema, "kama ni mtaa mzima,"
akajilaza sakafuni pale pale,
shavu kwenye koti langu, juu ya nembo.

Ilikuwa saa sita na dakika tisa.
Sikuandika ripoti.